Bunduki Huku, Risasi Ng'ambo

Ulipomwendea Fundi na motere iliyokufa, hakukusalimu kwanza. Aliinusa. Aliinama, pua karibu na plagi, akavuta hewa polepole kama mpishi anayeonja mchuzi, kisha ndipo akakutazama wewe mwenye motere kwa jicho la lawama. "Hii haikufa," alikuwa akisema. "Ni wewe ulitaka kuiua." Mteja akicheka, Fundi hakucheka naye. Mteja akikasirika, aliambiwa aipeleke kwingine, na sote hapa mtaani Kabondo tulijua kwamba huko kwingine hakukuwapo. Motere zote za mitumbwi, kutoka Isangi hadi mjini, zilipita mikononi mwake siku moja au nyingine.

Ua wetu na wake ulitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali uliokuwa ukinifika kiunoni. Upande wake palikuwa na pipa kubwa la chuma lililojaa maji. Humo ndimo alimojaribia motere: aliifunga ukingoni mwa pipa, akavuta kamba mara tatu, nne, akatukana kwa sauti ya chini, na mara maji yote yakaanza kuchemka na moshi wa buluu wa petroli ukaruka ukuta, ukaenda kukaa juu ya nguo za mama yangu zilizoanikwa.

"Fundi, weye! Shuka zangu zinanuka esansi!" mama alipiga kelele.

"Mama, vumilia. Ile harufu batajiri banaitafuta, hawaipate."

"Basi uwapelekee batajiri wako ile moshi!"

Walizozana hivyo kwa miaka mingi. Siku mama alipopika lituma ya ndizi, sahani ya kwanza iliruka ukuta kwenda kwa Fundi, na Fundi alirudisha sahani ikiwa na sukari ndani yake, kwa sababu kwao haikuwa adabu kurudisha sahani tupu. Nimewaona wakigombana asubuhi na kupeana chakula mchana, na sikumbuki hata siku moja ambapo mmoja alimwomba mwenzake radhi.

Watu wasiomjua walidhani kwamba mtu wa motere lazima awe mtu wa mto. Fundi aliuogopa mto kuliko kitu chochote. Hakujua kuogelea, na hakuwahi kupanda mtumbwi kwa hiari yake. Akitakiwa bandarini, alisimama juu kwenye nchi kavu na kuwataka wamletee motere huko huko. Wenye mitumbwi walimcheka sana. Yeye aliwajibu, "Docteur wa meno iko naishi ndani ya kinywa?" na wote wakanyamaza kidogo kabla ya kuanza kumcheka upya.

Ijumaa alikuwa mtu mwingine. Alisugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawa nyekundu, akavaa kanzu nyeupe na kofia, akaenda msikitini akiwa amenyooka, ila kucha zilibaki nyeusi. Imamu, nasikia, alishamzoea. Alikuwa wa zile familia za zamani za Waislamu wa mjini, si mtu wa ukingo huu wa mto wala wa ule, na jambo hilo, ambalo hakuwahi kulitilia maanani, ndilo lililokuja kumponza.

Maana watu walimfanya mwamuzi bila kumwuliza. Alichukia mikutano, lakini mikutano ilimfuata. Jirani mmoja na mkewe waliokuwa karibu kuachana walikuja kumlilia. Fundi akawapa kabureta iliyoziba, mswaki mkuukuu na kikombe cha esansi, akawaambia waisafishe pamoja kabla hajawasikiliza. Walikaa pale mpaka adhuhuri, huyu ameshika, yule anasugua. Kabureta ilipong'aa alitoka akawauliza, "Haya, munagombania nini?" Mume alianza kueleza, mke akamsahihisha, wakaanza kucheka wote wawili. Nasema kweli, bado wako pamoja, na watoto wanne.

Alikuwa na desturi yake ya kuongoza mazungumzo. Hakuruhusu mtu aseme anataka nini. "Ile munataka, kila mutu anaijua," alikuwa akisema. "Semeni munaogopa nini." Na hakuongeza neno mpaka mtu ajibu, hata kama ilichukua chai ya birika zima. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilijaribu njia hiyo darasani na ilinisaidia mara nyingi kuliko fimbo.

Sasa niseme habari ya ndugu yake, maana bila hiyo huwezi kumwelewa Fundi.

Yalitokea mapigano kati ya watu wa ukingo wa kulia na watu wa ukingo wa kushoto, huko chini kuelekea Yanonge. Walikuwa wameoana, walikuwa wamezikana, halafu wakashikana mapanga kwa sababu ya msitu ambao kila upande ulisema ni wake. Sisi kwetu asili ni ukingo wa kulia. Nyumba zilichomwa pande zote mbili, na madarasa yangu yalijaa familia zilizokimbia, wanalala juu ya madawati. Mdogo wake Fundi alikuwa dereva wa mtumbwi. Hakuwa wa upande wowote, kama kaka yake. Alipeleka mafuta Isangi, na wakati wa kurudi alisimamishwa kwenye kizuizi ambacho vijana wa ukingo wa kushoto walikiweka mtoni. Hakurudi. Mkuu wa kizuizi kile alikuwa mtu mmoja ambaye watu wote, wa kwao na wa kwetu, walimwita Komanda.

Fundi alituma ujumbe akiomba mwili tu. Komanda alimjibu kwamba mto ulishauchukua. Hiyo ilikuwa yote. Fundi aliweka matanga bila maiti, akakaa uani siku tatu na watu wakija kumpa pole, na siku ya nne nikasikia motere ikinguruma ndani ya pipa. Mama yangu alilia kwa kuisikia. Siku hiyo hakusema lolote kuhusu moshi.

Vita vikaisha. Viongozi wakatia saini, watu wakarudi vijijini, na wengine wakaanza hata kutembeleana. Lakini vita vinapoondoka huacha watu waliozoea kula bila kufanya kazi. Baadhi ya hao walijificha visiwani na kuwa majambazi wa mtoni. Hawakuwa wa ukingo wowote. Walivamia mitumbwi ya wamama wanaokwenda sokoni, wakachukua samaki wa makayabu, chumvi, vitenge, na aliyebisha alipigwa. Boti ya serikali ilikuwa moja na mto ni mrefu. Mama yangu, ambaye alikuwa akienda Yanonge kila wiki tangu mimi sijazaliwa, aliacha kwenda. Alikaa uani anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Alikosa kazi, akakosa na raha.

Hapo ndipo pande zote mbili zilipoona kwamba hakuna atakayejilinda peke yake. Ukingo wa kulia ulikuwa na bunduki mbili za kuwindia zenye vibali. Ukingo wa kushoto ulikuwa na Komanda, ambaye hata maadui zake walikubali kwamba alijua kila mkondo, kila kisiwa, na kwamba vijana walimsikiliza. Wakataka ulinzi wa pamoja. Na wakataka mwamuzi ambaye si wa huku wala wa kule. Nadhani unajua walimwendea nani.

Nilidhani atawafukuza. Alinusa plagi aliyokuwa ameishika, akaifuta, akasema atakuja. Akaniita mimi ukutani: "Mwalimu, weye unaandika muzuri. Utakuja kuandika."

Walikutana katika ukumbi wa parokia hapa Kabondo, Waislamu, Wakatoliki na wasiojali. Mkutano wa kwanza ulikwama, wa pili ukakwama, na kila mara palikwama pahali pale pale. Ukingo wa kushoto walisema, hatutakwenda mtoni mikono mitupu kama watoto. Ukingo wa kulia walisema, hatutampa Komanda bunduki, jana alituchoma, kesho atatuchoma nazo. Fundi aliwauliza swali lake, wanaogopa nini, na kila upande ukajibu: wale pale. Komanda mwenyewe hakuja. Alituma watu wazima wa kwao, na nilifurahi, maana sikujua ningefanya nini kama ningemwona.

Katika mkutano wa tatu Fundi alisimama na kutoa wazo. Bunduki zikae na watu wa kulia. Risasi zikae na watu wa kushoto. Mitumbwi miwili ipite pamoja mtoni, mmoja na bunduki, mwingine na risasi. Hakuna atakayeweza kumpiga mwenzake, na jambazi akitokea, mitumbwi inakutana na kazi inafanyika.

Ukumbi ulishangilia. Mzee mmoja wa kulia alimkumbatia mzee wa kushoto. Watu walisema, ndiyo akili ya fundi hiyo, kugawanya chombo ili kila mtu awe na kipande. Nami niliandika kwa herufi kubwa, nikajiona nimeshuhudia jambo la kujivunia. Fundi peke yake hakushangilia. Alikusanya vikombe vya chai.

Ulinzi huo ulidumu majuma matano. Mama alirudi mtoni, na nyumba ikanuka makayabu tena. Siku moja ya soko, mchana kweupe, mtumbwi wa wamama ulikuwa ukitoka Yanonge. Asubuhi ile mtu alikuwa amefariki ukingo wa kushoto, na mtumbwi wa risasi wote ukaenda matangani, maana kwetu huwezi kuacha kwenda. Hakuna aliyefikiri kuwaambia wenzao. Majambazi wakatokea. Mtumbwi wa bunduki ukaja mbio, vijana wamesimama, wamelenga. Majambazi walijua. Mto mzima ulijua mapatano yetu, tulikuwa tumejisifu nayo kila mahali. Walicheka. Mmoja akawapigia makofi.

Rafiki ya mama, aliyeuza naye makayabu ubao mmoja miaka yote, alikataa kuachia furushi lake. Walimpiga kasia kichwani akaanguka majini. Mama yangu alirudi nyumbani na ndara moja mguuni.

Tulipomzika yule rafiki yake, Fundi alikuja na kusimama nyuma kabisa. Kisha kwa siku nne sikusikia motere yoyote. Nilimwona amekaa karibu na pipa, mikono juu ya magoti, kucha nyeusi, wateja wanakuja na kuondoka. Siku ya tano akaja mwenyewe hadi ukutani.

"Mwalimu. Ile maneno ya risasi haikuwa akili."

Nikamwambia asijilaumu, wote walikubali.

"Wote bali-accepter kwa sababu iko muzuri kusikia. Mi nilijua iko mubaya. Motere, huwezi kutia kabureta ku mutumbwi moja na bougie, ile plagi, ku ingine. Mutoto anajua vile." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nilikataa tu ile mutu ashike bunduki. Ilikuwa kasirani yangu, nikaiita mapatano. Na mama wa batu amekufa."

Nilimwonea huruma hadi nikashika mkono wake juu ya ukuta, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akauacha nikaushika kidogo, kisha akasema nichukue daftari, tunakwenda ng'ambo.

Nilirudia neno hilo: ng'ambo? Ndiyo, kwa mtumbwi. Asubuhi iliyofuata alipanda akiwa na kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Alikaa katikati kabisa, ameshika mbao pande mbili, macho yamefumbwa, midomo inasoma. Safari nzima hakufumbua macho. Mimi nilitazama mto mpana na mgomba mmoja uliong'olewa ukielea, na nikafikiri kwamba mahali fulani hapa ndipo mdogo wake alipo. Bila shaka yeye alifikiri hivyo kabla yangu.

Komanda alikuwa akingoja ukingoni. Nilitegemea jitu. Alikuwa mtu mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, sauti ndogo.

"Papa Fundi. Umepita ku maji?"

"Unaniona na mabawa?"

Komanda akaleta viti. Akaleta maji ya kunywa. Fundi hakugusa maji, lakini alikaa.

"Benyewe ba kulia banakuogopa," Fundi akaanza. "Mi pia naogopa weye, sikufiche. Lakini bamama banaogopa kufa, na ile ndiyo imenileta." Akanigeukia. "Andika. Kila mutumbwi, batu ba pande mbili ndani. Bunduki na risasi pamoja. Na huyu ndiye atatoa amri."

Nilisimamisha kalamu. Komanda pia aliganda.

"Na ndugu yako?" Komanda akauliza, polepole sana.

"Ndugu yangu haiko kwa ajenda ya leo."

Fundi akasimama. Akashuka mwenyewe hadi kwenye mtumbwi, akakaa katikati, akafumba macho.

Huku kwetu walimkaanga. Ukumbini mzee yule yule aliyekumbatia watu mara ya kwanza alimnyooshea kidole: "Utampa muuaji wa ndugu yako bunduki?" Fundi alisema, "Ndiyo," na kukaa chini. Kijana mmoja akasema kwamba amenunuliwa. Mwingine akasema, Mwislamu huyu, maiti wetu si wake. Nilitaka ajibu, ajitetee walau kidogo, na alikuwa ameinamia vidole vyake tu.

Aliyesimama ni mama yangu. Wamama hawakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Walikaa nyuma, na sikujua hata kwamba alikuja.

"Mi ndiye niko napita pale," alisema. "Si weye, papa. Si weye, kijana. Kama iko mutu anataka kupita pale pahali pangu, asimame." Alingoja. "Hakuna. Donc mumuache Fundi."

Walimwacha. Sijui kama waliridhika, ila walipiga kura, na mimi niliandika tena, safari hii kwa herufi za kawaida. Majambazi walijaribu mara mbili tu baada ya hapo. Mara ya pili kijana wa kulia alijeruhiwa mguu, na Komanda alimbeba mgongoni kutoka bandarini hadi zahanati. Mama yangu aliendelea kwenda Yanonge hadi magoti yalipomshinda, na hakuwahi kuibiwa hata kitunguu.

Fundi hakwenda kwenye sherehe ya kutia saini. Alisema ana motere ya watu. Na watu walipomsifu kwa moyo wake wa kusamehe, maana katika mahubiri ya makanisa mawili alitajwa kama mfano, alibadilisha mazungumzo au aliondoka. Nilidhani ni unyenyekevu.

Sasa amezeeka. Anaishi na binti yake katika nyumba ile ile, macho yamefifia, na miguu imevimba. Motere mpya hazielewi, anasema zina kompyuta ndani. Mimi nilihamia upande mwingine wa mji, na mwaka huu, baada ya mvua, nilikwenda kumsalimu. Nje, kwenye benchi la mlango, alikuwa amekaa mtu mwembamba mwenye mvi, kofia juu ya goti, samaki mkubwa wa kukaushwa amefungwa kwenye jani pembeni yake. Nilimtambua kwa vifungo vya shati. Alisimama kunisalimu kwa mikono miwili. Alisema anangojea tu.

Ndani, Fundi alikuwa kitandani, ameegemea ukuta. Tulizungumza habari za mama, za magoti, za wateja wa zamani. Mwishowe nikashindwa kujizuia.

"Fundi, mgeni wako yuko nje kwenye jua."

"Najua. Iko nakuja kila mwezi."

"Kwa nini humkaribishi? Si ulimsamehe?"

Alinigeuzia uso, na jicho lake lilikuwa lile lile la lawama la zamani.

"Nani alikuambia? Sijamusamehe hata siku moja. Bunduki ilikuwa ya bamama, nikaitoa. Kusamehe iko yangu mwenyewe. Ile sikuitia ku mapatano." Alipumua kwa shida. "Mi ndugu yangu, ile mutoto, nilimulea, Mwalimu. Nilimufundisha kuvuta kamba."

Alilia kidogo, bila aibu, nami nililia naye. Nikampa maji. Nilipoaga aliniambia binti yake atachukua samaki, kama kawaida, ampe jirani. Nikauliza nimwambie nini yule mtu.

Aliuelekeza uso mlangoni.

"Umuambie: bado."

Nikatoka. Komanda alikwisha kusimama, kofia mkononi.

"Amesema nini, Mwalimu?"

Ningeweza kumdanganya, lakini sikuona sababu. "Amesema bado."

"Bado? Una hakika? Ni ile neno alisema?"

"Ndiyo. Bado."

Akatazama chini, akaivaa kofia, akaivua tena.

"Mwaka jana alisema hapana," akaniambia.